Uji wa Dagaa

Mama alipokuwa na mimba ya sita, viganja vyake vilikwajuka kabisa. Nesi wa hospitali ya Nsambya alimvuta kope ya chini, akatazama, akasema damu imepungua mno. Akijifungua hivyo, huenda asirudi nyumbani. Alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamwagiza ale maini na mboga za majani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilimsindikiza kurudi kwetu Kyebando nikiwa na hofu tupu.

Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Sukari ilikuwa ya foleni, nyama ya bahati. Siku baba alipopata maini, Mama aliyakaanga akamwekea yeye, maana kwetu maini ni ya mwenye nyumba. Vidonge navyo aligawana na mpangaji wetu, mke wa polisi kutoka kaskazini, aliyekuwa mjamzito pia. Nilikasirika hata nikabamiza mlango. Mama alinicheka tu: "Kwani mimi nimelalamika?"

Yule mpangaji ndiye aliyenipa akili. "Mtoto yangu, mama yako ukimpa kitu yake, anagawa. Wewe weka kwa unga ya watu yote. Atagawa namna gani?"

Nikaenda soko la Nakivubo kununua dagaa wakavu, wale tunaowaita mukene. Tukawapepeta mchanga, tukawatwanga, tukawachanganya na unga wa ulezi wa uji. Asubuhi nyumba nzima ilinuka ziwa. Baba, mwalimu wa madrasa, alionja akauliza kama uji umepikwa au umevuliwa. Hata hivyo alimaliza, nasi tukamaliza.

Baada ya wiki kadhaa tulirudi Nsambya. Nesi alivuta kope ya Mama, akasema damu bado ni ile ile. Akavuta yangu, akasema mimi nimenawiri. Kisha akaniuliza Mama anakunywa vikombe vingapi. Nilijua vya kila mtu nyumbani, vyake sikuvijua. Njiani nikakumbuka kwamba yeye hukwangua sufuria sisi tukishaondoka. Niliona aibu, nikashindwa hata kumtazama.

Jioni nilimwambia baba waziwazi kwamba Mama atakufa, na kwa nini. Nilitegemea kofi. Halikuja. Kesho yake akaingia jikoni, mahali asipokanyaga, akachukua upawa na kumjazia Mama kikombe kabla ya mtu yeyote.

"Kunywa, mama watoto."

"Nitakunywaje na wewe hujala?"

"Tutangoja."

Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka mdogo wetu alipozaliwa, na Mama akarudi naye nyumbani mzima. Lakini ninayoikumbuka ni asubuhi ile ya kwanza. Sote sita tulikaa tukingoja, na Mama akanywa machozi yakimtoka, akituomba radhi kwa macho kama mtu aliyetuibia. Maisha yangu yote sikuwa nimemwona mama yangu na kikombe kilichojaa.