Mali Iliyooza

Mchimba mizizi alikuwa mjane. Shamba lake la mizizi ya dawa aliachiwa na mama mkwe wake, na kati yake na shamba la wifi yake palikuwa na tuta moja tu. Zamani wanunuzi walikuwa watu. Mtu alikuja, akachuchumaa, akang'ata mzizi, akakunja uso, na kadiri alivyoukunja ndivyo bei ilivyopanda. Akaulizia hali ya watoto, akaaga. Siku hizi mnunuzi ni maabara, na maabara haina meno.

Aliyetumwa na maabara alikuwa kijana waliyembandika jina la Glavu, maana hata mkono wa salamu aliutoa ukiwa ndani ya mpira. Siku moja alifika kwa mjane, akapekua gunia zima la mizizi safi, akiitupa pembeni kama maganda, mpaka akakuta mmoja ulioota ukungu mweusi. Yule mama aliona haya. Alisahau kuuchambua.

"Lete niutupe, mwanangu. Umeoza huo."

"Utupe? Hii ndiyo mali, mama!" Akautia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa heshima ambayo mizizi safi haikuwahi kuipata.

Kwa furaha aliyokuwa nayo, akaeleza. Kule ndani ya maabara hawahangaiki tena na udongo. Walichukua kijipande cha mzizi, ambacho mama mwenyewe aliwapa bure, wakakizalisha seli, punje zisizoonekana kwa macho. Zinaelea kwenye chupa za maji ya sukari, zinatikiswa mchana na usiku, zinanenepa. Ila dawa hazitoi.

"Zimeshiba, zimelala," alisema Glavu. "Dawa ni silaha ya mmea. Asiye na adui atengeneze silaha ya nini? Sasa tutachemsha ukungu huu, tutie matone kwenye chupa. Ukungu wenyewe utakuwa umekufa, lakini seli zitadhani adui kaingia. Zitashtuka, zitamwaga dawa mpaka basi."

"Maskini!"

"Maskini nani?"

"Hizo seli."

Glavu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo niwe naleta iliyooza?"

Simu ya Glavu ikalia. "Lete tu, mama, lete," alisema, simu iko sikioni, mguu mmoja uko nje.

Neno la mtu anayezungumza na simu si neno. Lakini mama alikulia zama ambazo neno la mnunuzi lilikuwa sawa na mbegu: ukipewa, unapanda. Akapanda. Mzizi mwingine wenye ukungu aliukatakata, akafukia kipande kwenye kila shina, akamwagilia mpaka udongo ukanata kama ugonjwa. Wifi yake akasimama juu ya tuta, mikono kiunoni.

"Wifi, umerogwa au umelewa?"

"Nafanya biashara."

"Wenzio samaki mmoja akioza wanamtupa. Wewe unawaozesha wenzake kusudi!"

"Wivu huo. Kaa na mizizi yako safi uitazame."

"Haya. La kuvunda halina ubani, wifi yangu."

Mvua zilipokatika, shamba zima lilikuwa limelala chini, majani meusi, harufu inakata pua. Mama alifurahi. Alijaza gunia, akajitwika, maji ya uozo yakamtiririka shingoni mpaka lango la maabara.

"Shangazi, umebeba maiti?" mlinzi aliuliza.

Glavu akaitwa. Alipoona gunia, alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Simama hapo hapo! Usisogee!"

"Nimeleta mali, mwanangu. Shamba zima."

"Shamba zima? Mama, ule mmoja ulitosha! Ukungu wake tunaufuga wenyewe kwenye kisahani, haumaliziki. Na humu hauingii ila umechemshwa. Ulio hai ukipenya, chupa zote zimekwisha."

"Si ulisema nilete?"

"Mimi?"

Aliuliza kweli, hakukumbuka. Dhalimu wa zamani alijua amekudhulumu. Mkikutana alibadili njia. Wa siku hizi anakutazama usoni, macho meupe, anauliza: mimi?

Mlinzi alilimwagia gunia dawa ya kuua vijidudu, kisha akammwagia mama miguuni. Akamvua ndala, zikachomwa shimoni pamoja na gunia.

"Basi nipeni kazi humo," mama alisema. "Hata ya kufagia."

"Yeyote anaweza kufagia humu, mama," alisema Glavu, "isipokuwa wewe. Ukungu umekukaa kwenye kucha."

Alirudi peku. Njia fupi ya kwake ilikatiza shamba la wifi. Alimkuta wifi mwenyewe kashika jembe. Safu nzima ya karibu na tuta, iliyokwisha kuingiwa na ukungu, alikuwa ameing'oa na kuichoma, akiwahi kuokoa zilizobaki.

"Wifi, nipishe. Kokoto zimenichana miguu."

Wifi akainua jembe. "Zunguka barabarani."

"Wifi, ni mimi."

"Ndiyo maana," alisema wifi, na jembe hakulishusha.