Chatu Kwenye Kiti cha Mgeni Rasmi

Kiwanda chetu cha minofu ya sangara kilipouzwa kwa mwekezaji, hofu ya kupunguzwa kazi ilininyima usingizi. Mtalii mmoja akanionea huruma, akanipa unga wa uyoga. "Chembe tu kwenye chai, mawazo yatapungua. Ukizidisha, utaona vitu ambavyo havipo."

Siku ya kumkaribisha mwekezaji, mimi mjinga nikatia kijiko kizima.

Nikaingia ukumbini kupanga viti. Kwenye kiti cha mgeni rasmi alikuwa amejikunja chatu, mnene kama paja langu. Sikupiga kelele. Nipigie kelele kitu kisichokuwepo, siku kama ile? Nikakaa pembeni yake, nikampapasa.

"Ndugu yangu, najua hupo," nikamnong'oneza, kumbe kwa sauti ya kuhutubia. "Wewe ni ule uyoga wa kwenye chai. Tulia basi, bosi asijue."

Mtu akakohoa. Mlangoni alisimama mcheza ngoma ya nyoka kutoka Bujora, kikapu kitupu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Huyo ni wangu, tumekuja kutumbuiza."

Nyuma yake, meneja alikuwa amemwinamia mwekezaji sikioni, anamtafsiria kila neno langu.