Siku Nilipowagawia Leso Mama wa Majengo

Nimeaibika mara nyingi katika umri huu, siwafichi. Nimewahi kuteleza sokoni na kikapu cha samaki, na nimewahi kumpa mkono wa tanzia mtu ambaye hakufiwa, lakini aibu ya uwanjani ni nyengine kabisa, ile hata leo nikiikumbuka niko peke yangu jikoni hujifunika uso kwa mkono, na hakuna anionaye isipokuwa sufuria.

Ilikuwa miaka ile ya tisini. Watoto wetu wa Mji wa Kale walikuwa wakicheza mpira na watoto wa Majengo kila Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule moja hapa kisiwani Mombasa, uwanja wenyewe mchanga na mawe, lakini ndio huo, hatukuwa na mwengine. Na watoto hawakuwa na taabu. Mtoto akikanyagwa hulia, hufuta kamasi, akaendelea kucheza. Taabu ilikuwa ni sisi mama zao na bibi zao. Sisi tukiketi upande huu, wao upande ule, na yaliyokuwa yakirushwa baina ya pande mbili hizo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu wangu watayasoma. Jumamosi moja mtoto wa Majengo alipiga penalti, mpira ukapaa juu ya goli ukaenda zake barabarani, na mama wa kwetu (na mimi nimo, sikatai) tukapiga vigelegele kama tunamtoa bibi harusi. Mtoto akalia. Bibi yake akavuka uwanja. Mwenzetu mmoja akavua kiatu. Yaliyofuata mwaweza kuyakisia wenyewe.

Mwalimu mkuu wa shule ile akatwambia waziwazi: ukitokea ugomvi mwengine, hata mdogo, lango analitia kufuli na watoto wakacheze barabarani na magari. Wala hakuwa mtu wa kutisha bure, kufuli lenyewe alitembea nalo mfukoni, nimeliona kwa macho yangu.

Basi kocha akaita mkutano wa wazazi. Kocha alikuwa kijana wa Kigiriama, Charo, siku za wiki akifanya kazi bandarini na Jumamosi yuko na watoto hao. Akasimama mbele yetu amekunja mikono, akasema, "Mama zangu, watoto nimewafundisha kupeana mikono wakimaliza. Nyinyi nani atawafundisha?"

Kila mtu akaangalia ukuta.

Akatoa sheria zake. Kwanza, tutaketi tumechanganyika, mmoja wa Majengo, mmoja wa kwetu, hakuna tena upande wetu na upande wenu. Pili, mwenye kupandwa na hasira, au furaha iliyozidi, asiseme neno, ainuke aende kwenye mtungi ulioko nyuma ya goli, anywe maji, kisha arudi. Tatu, kila mtaa utoe mtu mmoja wa kusimamia amani. Majengo wakamtoa Bi Mwanasiti, muuza mahamri, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo, na yeye ndiye bibi wa yule mtoto aliyekosa penalti. Mji wa Kale wakanitoa mimi, Bi Zuhura. Sikuuliza kwa nini, nilijua. Mtaani kwetu watoto wakiniona naja walikuwa wakivaa viatu kwa kuniogopa.

Sasa laiti ningekwenda na ukali wangu nikaketi, mambo yangekuwa salama. Lakini nilitaka amani yangu ipendeze. Nikasema nitanunua leso. Leso, mwajua, huuzwa mbili mbili, doti, na kwetu ukimpenda mtu hukata doti moja mkagawana, yako moja na yake moja, na siku mkizivaa pamoja kila awaonaye hujua nyinyi ni kitu kimoja. Nikawaza: tununue doti, kila mama wa kwetu agawane na mama mmoja wa Majengo, uwanja mzima uwe na sare, nani atampiga kiatu mtu aliyevaa leso yake? (Hata leo naona lilikuwa wazo zuri. Wazo halikuwa na makosa, makosa yalikuwa na mimi.)

Mwanamke wa Mombasa lakini hanunui leso kwa rangi. Hununua jina, yale maneno yaliyopigwa chapa penye pindo, kwa sababu leso husema lile ambalo mwenyewe hathubutu kulisema kwa mdomo. Wako majirani walionuniana miaka kwa leso moja tu iliyoanikwa kwenye kamba. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo langu. Mimi nimesoma chuoni kwa maalim, nimehitimu msahafu, herufi za Kiarabu nazisoma vizuri, na leso za marehemu mamangu ziliandikwa kwa herufi hizo, nikizisoma bila kuuliza mtu. Kisha wakazigeuza, wakatia herufi za kizungu. Mimi sikuulizwa. Toka hapo dukani nikenda na binti yangu, yeye akininong'onezea jina, na mimi nikijifanya naangalia kama rangi itachuja. Siku ile binti yangu alikuwa na homa. Nikenda peke yangu.

Nikaiona leso nyekundu yenye maua meupe, pindo jeusi, inang'aa mpaka roho ikacheka. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyenijua tangu mimi ni mwari, akainua miwani.

"Bibi, jina umesoma?"

"Nimesoma wewe hujaota ndevu."

"Sawa bibi, lakini hii watu wananunua kwa ajili ya..."

"Nifungie doti zote ulizonazo!"

Akanifungia. Muungwana yule, alijaribu.

Nyumbani nikazikata, nikazipinda pindo kwa mkono wangu, nikazikunja vizuri, nikatia na asumini kila moja. Jumamosi nikafika uwanjani mapema, na akina mama walipokuja nikawapa mmoja mmoja, nikisema, "Hii yako, na mwenzake anayo yule pale, nendeni mkaamkiane." Wallahi ilipendeza. Watu walikumbatiana. Bi Mwanasiti alinusa asumini akanibusu mkono, akasema, "Bi Zuhura, wewe si mtu, wewe ni dawa." Refa alikuwa tayari ana filimbi mdomoni, hakuna aliyepata nafasi ya kutazama pindo, kila mtu akajifunga yake kiunoni juu ya buibui kama tunaokwenda harusini kucheza vugo, na haraka haraka tukaketi tumechanganyika, majina yote chini yetu.

Kipindi cha kwanza kilikwenda salama, ila mtungi ndio ulioona taabu. Kila mara mtu anainuka, anakwenda, anakunywa, anarudi, na wengine macho yao yako kwenye mpira. Mimi mwenyewe nilikwenda mara nyingi kuliko inavyompasa msimamizi wa amani, kwa sababu refa yule alikuwa kipofu, na nikajikuta tumbo limejaa maji nakaa upande upande. Lakini hakuna aliyetukana. Nikamwona mwalimu mkuu amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mkono uko mfukoni, anatuangalia kama mtu asiyeamini.

Kipindi cha pili, Majengo wakapata penalti. Na nani akauchukua mpira? Mjukuu wa Bi Mwanasiti, yule yule. Bi Mwanasiti, aliyekuwa ameketi ubavuni pangu, akanishika goti. Nikawatolea macho mama wa kwetu, jicho ambalo kwangu nyumbani hunyamazisha hata kuku. Mtoto akarudi nyuma, akakimbia, akapiga, mpira ukagonga mwamba ukatoka nje.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hata mmoja! Nikasema alhamdulillahi, tumefaulu.

Lakini alikuwapo Mwanaisha, mama wa kipa wetu, mwanamke mnene mwenye furaha za karibu. Kigelegele kilikuwa kimemfika kooni. Akakumbuka sheria, maskini, akaziba mdomo kwa viganja viwili, akainuka aende kwenye mtungi. Na akainuka mbele ya mama wa Majengo, akawapa mgongo. Leso ilikuwa imemkaa barabara, maneno yamenyooka yote, hapana hata herufi iliyojificha kwenye mkunjo.

Bi Mwanasiti akakaza macho. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

"Mli-taka... mka-kosa... tulie-ni."

Nikahisi goti langu limeachiliwa.

"Hebu soma tena," akasema mama mmoja wa nyuma. Wakasoma wote kwa pamoja kama watoto wa darasa: MLITAKA MKAKOSA, TULIENI. Kisha kila mmoja akajigeuza kuangalia yake mwenyewe.

"Yaani mtoto amekosa sasa hivi, na nyinyi mlishajiandikia tangu nyumbani?"

"Na mimi nimevaa! Nimejifunga matusi yangu mwenyewe kiunoni!"

"Ndiyo asumini hiyo? Watutukana kisha watutia na manukato?"

Wakaanza kuzivua na kuzitupa. Kukawa na upepo, leso moja ikaruka ikamfunika kipa wetu kichwani, akawa anazunguka golini mikono mbele, refa akapiga filimbi, watoto wote wakasimama wakituangalia. Mwenzetu mwenye tabia ya kuvua kiatu nikamwona ameinama. Charo akaja mbio, "Mama zangu, mtungi! Mtungi jamani!" lakini nani angekwenda kunywa maji saa hiyo. Na kule mlangoni mwa ofisi mwalimu mkuu alishaanza kushuka ngazi, kufuli mkononi.

Bi Mwanasiti akafungua leso yake, akanisimamia juu ya kichwa. "Bi Zuhura. Mimi nilikubusu mkono."

"Haikuandikwa hivyo," nikasema. Sijui kwa nini. Ulimi tu.

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa vingine. Nyinyi ndio mwasoma vibaya."

"Basi soma wewe."

Akanipa. Watoto nao wakasogea kutazama. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Nikaipokea, nikainyoosha mbele ya uso, nikakohoa kwa heshima ya mtu aliyehitimu, nikaweka kidole penye herufi ya kwanza, na nikakipeleka polepole chini ya maneno, nikisema kwa sauti ya kutosha, "Tu... pen... da... ne."

Nikadhani nimefaulu.

Kisha Mwanaisha, ambaye alikuwa amerudi kutoka kwenye mtungi na maji bado yanamdondoka kidevuni, akaninong'onezea, na mnong'ono wake husikika mpaka barabarani: "Bi Zuhura, umeanzia kulia. Halafu umeishika kichwa chini."

Ardhi ingepasuka ningeingia na viatu vyangu. Nimekaa mikutano yote ya mtaa, nimeshika karatasi mbele ya watu, nimetikisa kichwa penye kutikisa, na siku zote wakijua Bi Zuhura ni msomi. Bi Mwanasiti akaangalia leso. Akaangalia kidole changu, bado kiko kushoto kule kilikoishia. Nikaona midomo yake inaanza kucheza. Akajizuia, akashindwa, akacheka cheko ambalo nadhani walilisikia ng'ambo.

"Mama zangu, ketini!" akasema akishika mbavu. "Huyu hakututukana. Huyu angetutukanaje? Huyu hajui hata amevaa nini!"

Hapo cheko likashika kote, wa Majengo na wa kwetu, wanaangukiana, waliokuwa wakitaka kupigana sasa wanashikana wasianguke. Mimi niko katikati, nimeshika leso, uso unawaka moto. Na hapo ndipo mwalimu mkuu alipotufikia.

"Kuna nini hapa? Ni ugomvi tena?"

Charo alikuwa amefumba macho. Leso zilikuwa zimetapakaa chini, kiatu kimoja kiko mkononi mwa mwenyewe, na aliyekuwa na haki ya kusema ndiyo ni Bi Mwanasiti, maana ndiye aliyetukanwa, na mbele ya mjukuu wake. Neno moja lake na lango lile lingefungwa.

Akapangusa machozi kwa ncha ya buibui.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Tunasoma."

Mwalimu mkuu akatuangalia. Akaniangalia mimi na leso yangu kichwa chini. Akarudisha kufuli mfukoni.

"Haya someni," akasema, "lakini polepole, mnawasumbua wachezaji."

Mpira ukaendelea, na jinsi ulivyokwisha msiniulize, sikuinua macho tena. Naambiwa wetu walifungwa. Yule mtoto wa penalti safari hii hakulia, maana hapakuwa na mtu aliyekumbuka kwamba amekosa, wote walikuwa wakinizungumza mimi. Wakati wa kuondoka mama wa Majengo waliziokota leso zao wakazikung'uta mchanga, na Bi Mwanasiti akaikunja yake vizuri akaitia kwapani. "Hii siitupi," akasema, "nampelekea salamu mke mwenzangu. Yeye ndiye itakayemfaa."

Toka siku ile nikipita Majengo wananiita Bi Tupendane, wakubwa na wadogo, na mahamri ya Bi Mwanasiti sijawahi kuyanunua bila ya yeye kuniuliza kama nimeyasoma. Herufi za kizungu nilikwenda kujifunza ngumbaru, mimi na wazee wenzangu, na mara mbili mwalimu wetu wa huko amenikamata nikianzia kulia. Na nimeapa: sinunui leso mpaka jina lisomwe kwa sauti dukani, lote, mpaka nukta, na muuzaji akitaka kunicheka na acheke, nilishachekwa na uwanja mzima nikabaki hai.