Mchezo Usio na Jirani

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia chai, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Litein. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Wakulima walileta majani kwa vikapu, nami nikatia mkono ndani, nikageuza, nikatazama. Majani mawili na kichipukizi, ndivyo kiwanda kilivyotaka. Nikikuta jani la tatu, lile gumu la chini, nilisema, "Rudi ukachambue," na mtu akatoka kwenye foleni na kikapu chake.

Nilitoka upande wa Kaplong, sikuwa na ukoo pale. Na karani anayekataa majani ya watu haalikwi nyumbani kwa mtu. Sisemi hivi kwa kutafuta huruma, maana nilikuwa mkali na nilijivunia ukali wangu. Karani aliyenitangulia alikuwa akifumba macho, na watu walimletea maziwa na mahindi ya kuchoma. Mimi hata salamu ndefu sikupata. "Chamgei, karani," kisha mtu anaangalia pembeni. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi ya watu watatu, na hakuna aliyeketi. Nilirudi chumbani kwangu, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikala nikiutazama ukuta.

Ndiyo maana nilijiandikisha kusoma kompyuta. Chuo kilikuwa chumba kimoja tu Litein, juu ya duka la misumari na mabati, kikiwa na mashine nne na wanafunzi saba. Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye wazazi wake walikuja kutoka mkoa wa Central kufanya biashara, akazaliwa na kukulia papo hapo sokoni. Alitufundisha kupiga chapa, na tulipochoka na hayo akatufundisha kuiamuru mashine isogeze herufi kwenye kioo. Nilipenda mno. Mashine haikujua nimekataa kikapu cha nani. Ukifuata sheria zake, inakutii, na ukikosea inakuambia mstari gani.

Siku moja mwalimu akabandika karatasi ya manila ukutani. Kutakuwa na mashindano ya kutengeneza mchezo wa kompyuta, kuanzia Ijumaa saa nane mchana hadi Jumamosi saa kumi jioni. Sheria zilikuwa tano. Mada itachaguliwa kwa kura na hakuna kuibadilisha. Kila mtu atatengeneza mchezo wake mwenyewe, bila kunakili. Mchezo uingie kwenye disketi moja. Uwe na mwisho. Na ya tano: mtu asiye mwanafunzi wala ndugu yako aucheze mpaka huo mwisho mbele ya mwalimu, kisha atie sahihi. Mshindi angeajiriwa kusaidia kufundisha muhula uliofuata.

Nilinakili sheria zote kwenye daftari langu. Wenzangu walicheka. "Karani amepata Amri Kumi zingine," mmoja akasema. Wacha wacheke. Nilitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka kutoka kwenye mizani, nikae mahali ambapo mtu akinikaribia anakuja kuuliza, si kuhukumiwa.

Ijumaa na Jumamosi hazikuwa siku za kuchuma kituoni kwetu, kwa hiyo nilifika mapema. Kila mmoja aliandika mada kwenye kikaratasi, tukavitia ndani ya kofia ya sufu ya mwalimu. Mimi niliandika "Mizani". Wengine najua waliandika mpira na vita. Mwalimu akachomoa kimoja, akasoma: "Jirani."

Chumba kizima kikaguna. Mmoja akaanza kukariri ule mstari wa Mithali kwamba afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, tukacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeshauona mchezo wangu. Ningeweka kituo cha chai. Mchezaji anachuma, anakimbilia mizani, na majirani nao wanakimbilia mizani hiyohiyo. Kwangu jirani alikuwa mtu aliye mbele yako kwenye foleni.

Niliutengeneza kwa bidii, kwa zamu, maana mashine zilikuwa chache. Majani yalikuwa herufi zikishuka kutoka juu, na kikapu chako kilikuwa mabano mawili ukiyasukuma kulia na kushoto. Ukidaka jani gumu, karani anakurudisha shambani na unaanza upya. Ukipimiwa kabla lori la kiwanda halijafika, umeshinda. Jumamosi saa sita nilikuwa nimemaliza. Niliucheza mwenyewe mara tisa na nikashinda mara tisa. Wa kwanza kumaliza nilikuwa mimi.

Ikabaki sheria ya tano.

Wenzangu walishuka ngazi wakarudi na marafiki, shemeji za marafiki, wasichana wa saluni. Kila mashine ilizungukwa na watu wakipiga kelele na kushangilia. Kando yangu kilikuwa kiti kitupu. Nilishuka nikamwendea kinyozi aliyeninyoa miaka miwili. Akasema, "Karani, leo niko bize kidogo," na kwenye kiti chake hapakuwa na mtu. Nikamwendea mzee wa kanisa. Akanishika mkono kwa heshima, akaniambia macho yake hayapendi vioo. Mwenye duka la chini aliniambia nirudi Jumatatu. Nilisimama katikati ya soko la Litein, watu kila upande, na sikuwa na mtu mmoja wa kumwomba nusu saa. Niliona aibu. Sheria ni msumeno, wanasema, na siku ile nilihisi meno yake.

Hapo nikamwona kogo mmoja, yaani bibi kwa lugha ya kwetu, ambaye nilimfahamu kwa kikapu chake kuliko kwa uso. Alikuwa mama mzee wa kituo chetu, na hakuna mtu niliyemrudishia majani mara nyingi kama yeye, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumchosha. Alikuwa ameketi kando ya barabara akiuza mboga za managu. Aliponiona nakuja alikunja uso.

"Karani, kwani hata managu yangu unakuja kuangalia kama ni ngumu?"

"Hapana, kogo. Nakuja kukuomba kitu." Nikamweleza.

Alinitazama usoni. "Wewe huna mtu?"

"Sina."

Akamwachia mwenzake managu, akapanda zile ngazi polepole, mkono mmoja ukutani. Nilimwonyesha vitufe viwili, cha kulia na cha kushoto. Kwa muda hakuelewa, kisha akaelewa, na vidole vile vilivyochuma chai maisha yake yote vikapata mwendo. Mwalimu akasogea kutazama. Kikapu kikajaa, akafika kwenye mizani, na karani wangu akakuta jani gumu moja.

Badala ya kurudi shambani, kogo alikisukuma kikapu hadi ukingoni mwa kioo, akakishikilia hapo.

"Unafanya nini, kogo?"

"Naenda pembeni nimwage, nichambue. Gunia iko wapi?"

"Hakuna gunia. Ukikataliwa unaanza upya."

"Na hawa watu wengine? Wananiangalia tu?"

"Hao wanangoja zamu yao."

Alicheka. "Karani, siku ile nyingine ulirudisha majani yangu. Nani alichambua?"

Nilijua nani alichambua. Niliona kila siku ya kuchuma. Mtu akirudishiwa, alitandika gunia kwenye nyasi na kumwaga majani, na wanawake wakaketi kulizunguka bila kuitwa. Hata waliokwisha kupimiwa na wangeweza kwenda zao walibaki, mikono sita, minane, wakitoa majani magumu na kusimuliana ya nyumbani, ili mwenzao awahi lori. Miaka mitatu niliwaona kwa macho yangu mawili. Nilichokuwa nikiona ni watu wanaopiga kelele karibu na mizani.

"Mchezo ni ya nini, ulisema?" kogo akauliza.

"Ya jirani."

Akageuka kwenye kioo, akaziangalia zile herufi za majirani nilizozipanga mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. "Jirani ni gani hapa?"

Mwalimu alikohoa na kwenda mashine nyingine. Nilikuwa natoka jasho. Kogo akajaribu tena mara tatu, na mara tatu akarudishwa. Mimi niliweza kushinda kwa sababu nilijua jani gani litashuka wapi. Mwisho akaviachia vitufe. "Siwezi kumaliza hii peke yangu," akasema.

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naona haya. Niliinama nikamnong'oneza, "Kogo, weka sahihi tu. Nitamwambia mwalimu umemaliza yeye akiwa hatazami."

"Wewe?" Hakunong'ona. "Wewe ndio unasema hivyo? Jani moja, karani! Jani moja unanirudisha nayo mpaka nyuma!"

Kelele zikakatika chumbani. Akasimama, akajitengeneza leso, sauti ikashuka. "Weka gunia. Weka watu. Nikimaliza kuuza managu nitarudi nijaribu."

Nilibaki na saa moja na nusu. Nilijaribu kuwaondoa wale majirani kwenye foleni ili waje kukaa pembeni, lakini kila nilipomsogeza mmoja mchezo mzima ulisimama, na mashine ikanitajia mistari niliyokosea, mmoja baada ya mwingine. Sikuwa nimejifunza kumfanya mtu wa kioo amwendee mwenzake. Saa kumi mwalimu akakusanya disketi. Yangu hakuipokea. "Haina sahihi, bro. Na pia, kusema ukweli, jirani simwoni," akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Kazi ikachukuliwa na yule wa Amri Kumi.

Wote walikuwa wameshuka, nami nafunga kamba za viatu, niliposikia mtu ngazini akihema. Alikuwa kogo, kikapu cha managu kitupu mgongoni.

"Umeweka gunia?"

"Wamezima mashine, kogo. Muda umeisha."

"Aa." Akaketi kwenye kile kiti kitupu, akapumzika kidogo, akaniambia soko lilikuwa zuri. Kisha akashuka.

Jumatatu aliniletea kikapu chake, nikatia mkono, nikageuza, na jani la tatu lilikuwepo. Sikulitafuta. Lilikuja lenyewe mkononi. Foleni nzima ilikuwa inanitazama. "Rudi ukachambue," nikasema.

Alitandika gunia lake hatua tano kutoka kwenye mizani, akamwaga. Wanawake watatu wakaketi. Kogo akainua uso akanitazama, akasogea upande mmoja, akakusanya majani kwa mkono, na hapo kando yake pakabaki mahali pa mtu mmoja kuketi. Sheria ya kazi ilisema karani asiguse majani ya mkulima kabla ya kupima isipokuwa kwa kuyakagua, na sheria hiyo niliijua kwa moyo.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikaita, "Anayefuata!"

Mama mwingine akatoka kwenye foleni, nikadhani anakuja kupima. Akanipita, akaenda kuketi pale.