Siku Nilisifu Écran Mbele ya Batu ba Beni

Acha nibaelezee mimi mwenyewe, mbele bengine babaelezee na kuongeza chumvi: ile siku nilipata haya mpaka nilitamani sakafu ifunguke inimeze. Na hapana mutu aliniloga, ni kinywa changu tu.

Niko na salle ya jeux, pahali pa kucheza michezo ya ordinateur, pale Mususa mu Butembo, chumba cha mbele ku nyumba ya tantine Masika, dada ya papa yangu, mwenye alikuwa anauzishia mule bitenge. Alinipatia kile chumba kwa kujaribu tu, akisema kama baclients habakuje atarudisha bitenge byake, na baclients, kwa kweli, balikuwa banakuja mumoja mumoja. Donc nikawaza kualika équipe ya Beni, bavijana benye kusifiwa sana ku michezo ya magari, bashindane na betu siku ya posho, jumamosi. Na juu ya ile siku nikaagizisha écran kwa mucommerçant mwenye kupitia Kasindi, ile écran ya kuonyesha picha mia mbili na makumi ine mu seconde moja (tantine aliniuliza ni macho ya nani itahesabu yote ile).

Ilifika ijumaa, carton imelowana kidogo. Hapo njo nilikosea: pahali pa kuijaribu, nilikimbilia inje kuandika ku ubao, na maandishi manene, kama écran ya mbio kupita zote za Butembo iko hapa.

Posho batu bakajaa mpaka ku mulango. Nikatafuta câble ya televizyo ya zamani (mu carton mulikuwa ingine, ya mudomo wa ajabu, nikaitupa pembeni nikiwaza ni ya kazi ingine), nikaiingiza nyuma ya tour, ile sanduku ya ordinateur, ku tundu ya kwanza yenye iliikubali, picha ikatokea, nikapiga batu discours. Nikabaambia baangalie ginsi magari inatelemuka kama maziwa. Magari ilikuwa inaruka kama chura.

"Munaona?" nikauliza.

Batu bakainama karibu ya écran. Tantine Masika, kwa kunihurumia, akajibu: "Mimi naona." Basi na bengine bakaanza kuona, mwalimu mumoja wa kutoka Kasai akasema hata yeye anaona tofauti kubwa, na mimi, mais ningesema namna gani kama sioni kitu?

Kijana wa kwetu akaanza kukimbiza, gari ikaganda mu kona, ikatokea ndani ya ukuta. Nikasema ni courant. Tukaomba groupe ya jirani, ile mashine ya kutoa umeme, tukawasha, gari ikaingia tena mu ukuta. Nikasema ni meza inatikisika, nikaomba bapapa babili baishike (na baliishika kweli, batu bazima, kila mumoja upande wake). Kisha nikasema macho inapaswa kuzoea kwanza. Hapo capitaine wa Beni, kijana mutulivu jina lake Muhindo, akainama karibu yangu, akaniita kama dada mukubwa:

"Yaya, unaruhusu niangalie réglages, ginsi écran imepangwa?"

Nilitamani kukatala, lakini batu bote balikuwa banatuangalia. Akafungua, na pale ku écran ikatokea 60 hertz, mbele ya ule mwalimu, mbele ya bapapa benye kushika meza.

"Inaonyesha picha makumi sita tu," akasema, hapana kwa kunicheka. Akachungulia nyuma ya tour. "Na câble haikuingia ku carte graphique. Iliingia ku tundu ya pembeni. Carte yako imelala."

Mutu mumoja akaanza kucheka, chumba chote kikafuata, na tantine pia (alisema kisha alikuwa anakohoa).

Muhindo akaokota ile câble nilitupa, akaiunganisha ku carte. Ikakuwa muzuri kidogo, hapana sana. Akanielezea kama mutu na dada yake: "Carte njo inapika picha, écran inapakua. Carte yako ni ya zamani, inapika polepole, écran inabakia inangojea. Sisi tuko na carte ya nguvu, mais écran yetu ni ya bureau tu, inapakua kidogo kidogo."

Nikamuuliza: "Na hiyo carte yenu iko wapi?"

Akatabasamu. "Iko mu taxi pale inje. Hatukuamini mashine yako."

Bakaleta tour yao imefungwa mu blanketi, tukaunganisha na écran yangu, na magari ikaanza kutelemuka, na hapana mutu aliuliza kama tunaona. Yule mwalimu alisahau kufunga kinywa. Beni balitushinda, tena bibaya, lakini batu habakuenda, bakapanga mustari mpaka inje, mpaka tantine naye akaomba kukimbiza, akagonga ukuta, akaniambia bitenge bibakie kule biko.

Mbele ya kurudia Beni, juu ile barabara iko ya hatari usiku, haitaki mutu achelewe, Muhindo akasema: "Yaya, tour ibakie kwako. Tutakuwa tunakuja kucheza hapa kila posho."

"Hauogope kuiachia mutu mwongo?"

"Haukudanganya. Ulisema tu kwanza, mbele ya kuangalia."

Nilijiapisha tangu pale. Kitu kipya kikifika, ninafunga mulango, ninakijaribu, ninauliza mashine yangu kama inakiweza. Na kama mutu ananiuliza kitu na mimi sioni, ninajibu sioni, hata batu bakijaa mpaka barabarani.