Bunduki Yake na Yangu

Nyumbani kwetu Pinetown, nje kidogo ya Durban, Afrika Kusini, tulikuwa na bunduki mbili, yake na yangu, na ubishi mkubwa wa ndoa yetu ulikuwa ipi bora. Zote zilikuwa semi: ukivuta kifyatulio inapiga risasi moja, halafu inajipakia nyingine yenyewe, wala huna haja ya kuondoa jicho kwenye shabaha. Dada yangu aliyeko Tanga aliposikia habari hizi kwenye simu akauliza, "Bunduki? Kwani huko mnaishi porini?" Nikamwambia ni mchezo tu, kama wengine wanavyocheza bao. Hakuniamini, na nadhani mpaka leo hajaniamini.

Mambo yalianzia kazini kwa mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, akitoa makontena bandarini na kuyapandisha bara. Kwenye yadi yao kulikuwa na makanika, Mkongomani wa Bukavu, ambaye alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha huko milimani juu ya mji. Jumamosi moja akamchukua mume wangu akaangalie. Alirudi ananuka baruti, amechangamka kama mtu aliyepandishwa cheo. Kuanzia hapo kila Jumamosi ikawa yake, na mimi nabaki na cherehani yangu nikishona ovaroli za watu wa viwandani. Nikachoka.

"Baba," nikamwambia, "ama unaacha, ama na mimi nakwenda."

Akacheka. "Basi twende."

Ukaazi wa kudumu tulikuwa nao tayari. Tukafanya mafunzo na mitihani, polisi akaja kukagua sefu tuliyoifunga ukutani chumbani, na baada ya kusubiri mpaka tukasahau, leseni zikatoka. Yeye akanunua kubwa. Mimi nikanunua ndogo, ile ya risasi ambazo ukizishika zinajaa kiganjani kama mbegu za boga.

Yake ilikuwa nyeusi, nzito, na mlio wake unausikia kifuani. Mita mia kwake ilikuwa karibu. Yangu ilikuwa nyepesi, yenye kitako cha mbao. Ningeweza kuibeba begani kutwa nzima. Risasi za hii ndogo nazo zilikuwa rahisi, kwa hiyo yeye akishamaliza magazini moja na kuanza kuuhurumia mfuko wake, mimi bado nafyatua. Lakini ndogo ilikuwa na ila yake. Risasi zile zina nta na uchafu mwingi, na ikichafuka hukwama, nikabaki navuta komeo huku watu wananitazama. Kubwa haikukwama hata mara moja. Ila kuisafisha ilikuwa kazi ya jioni nzima, masizi mpaka kwenye kucha, na hewa ya Durban haina huruma na chuma. Ukipitiwa kidogo bila kupaka mafuta, kutu imeshaanza.

Hayo ndiyo tuliyoyazungumza mezani, wali ukipoa.

"Ukiambiwa ubaki na moja tu," alikuwa ananiuliza, "kweli utabaki na hicho kifimbo?"

"Kifimbo kinapiga ninapotaka."

"Kwa mita hamsini!"

"Kwani hapa nani anakwenda vitani? Ya kwako ni ya kupendeza kwenye picha. Ya kwangu naitumia."

Angeweza kuendelea hivyo mpaka nalala. Nilikuwa najifanya nimechoshwa. Sasa jioni zile ndizo ninazozililia.

Mwanzoni alikuwa mpigaji mzuri sana kuliko mimi. Kwa mita mia, matundu yake kwenye karatasi ungeyafunika kwa kifuniko cha soda. Kisha, sijui ni lini hasa, yakaanza kutawanyika. Yakawa ya kufunikwa kwa kisosi, halafu sahani, halafu moja mbili zikawa haziipati karatasi kabisa.

Makanika aliiinua ile bunduki, akaigeuzageuza. "Bunduki iko muzuri, ndugu yangu. Ile risasi ulinunua ndio iko mubaya."

Akabadilisha risasi. Haikusaidia. Wenzake wa klabu wakasema ni skrubu za darubini ya kulengea zimelegea, wakazikaza. Mume wangu akanunua darubini nyingine, nzuri, ya bei ambayo sikuipenda. Jumamosi mbili za kwanza alisema anaona kila kitu kama kioo, na mimi nikamwamini, ingawa matundu yalikuwa yaleyale. Mwishowe akaipeleka kwa fundi wa bunduki, naye akasema mtutu hauna tatizo.

Na mimi nikawa namtania. Kila tukirudi naweka karatasi zetu mbili juu ya meza na kusema, "Si nilikwambia ndogo ndiyo bunduki?" Alikuwa anatabasamu, anazikunja, anazitupa. Kipindi hichohicho kioo cha kulia cha lori lake kilivunjika mara mbili kwenye geti la bandari. Akasema siku hizi wanapanga makontena vibaya, njia imekuwa nyembamba. Mimi nilikuwa na hasira na watu wa bandari.

Basi siku moja, tukiwa uwanjani, makanika akakata shauri. "Mubadilishane," alisema. "Mama apige na ya kwako, wewe upige na ya kwake. Leo tutajua mugonjwa iko nani."

Alimaanisha bunduki.

Nikalala kifudifudi nyuma ya ile kubwa, nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Ilinipiga begani, lakini nilipumua polepole kama nilivyofundishwa. Kisha mume wangu akachukua ndogo na kulenga karatasi ya karibu, ya mita hamsini. Alichukua muda mrefu. Aliinua kichwa, akapangusa darubini, akainama tena. Nikamwona anavuta kifyatulio kama mtu anayebahatisha.

Ilipopigwa filimbi ya kusitisha kufyatua, tukaenda kuangalia. Matundu yangu niliyafunika kwa kiganja na nafasi ikabaki. Kwenye karatasi yake palikuwa na matundu machache pembezoni. Mengine yalikuwa kwenye karatasi ya jirani, mzee mmoja ambaye alitutazama tu.

Makanika aliacha utani.

"Upepo," mume wangu akasema.

Bendera ya uwanja ilikuwa imelala kwenye mlingoti.

Njiani alikuwa anaendesha yeye. Tuliposhuka mjini roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikatushika, ikawa nyekundu, na mbele yetu kulikuwa na taxi nyeupe. Nilikuwa nimekaa muda wote nikifikiri namna ya kusema, na nilipoona nyekundu ile nikaona hakuna nafasi nyingine.

"Baba, funga jicho la kushoto. Nisomee namba ya hiyo gari."

"Ya nini?"

"Nisomee tu."

Akalifunga. Uso akauelekeza mbele.

"Sioni gari," alisema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani ni darubini."

Roboti ikawa kijani. Waliokuwa nyuma wakapiga honi, na hakuna aliyejali kati yetu. Tukashuka, tukabadilishana viti, nikaendesha mimi mpaka nyumbani.

Daktari wa macho tuliyempata alikuwa Westville, mama mpole asiyekuwa na haraka. Alimpima kwa mashine moja baada ya nyingine, kisha akatuketisha. Akasema ni presha ya macho, na kwamba haiumi, ndiyo maana watu wengi hawaji. Jicho la kulia limekwisha karibu lote. La kushoto nalo limeguswa, lakini linaweza kulindwa kwa dawa ya matone maisha yake yote. Nikamuuliza amewezaje kuendesha lori. Akanieleza kwamba macho mawili yakiwa wazi, moja humfichia mwenzake. Mtu hajui anachokosa mpaka alifunge lile zima.

Hapo ndipo niliposhikwa na majuto. Bunduki ndicho kitu pekee kilichomtaka mume wangu atumie jicho la kulia peke yake, na kila Jumamosi ilikuwa inatuambia, kwenye karatasi, wazi kabisa. Tukabadilisha risasi, tukabadilisha darubini.

"Tungekuja mapema?" niliuliza.

"Kilichopotea kingekuwa kidogo," daktari akasema. Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu.

Mume wangu aliwaambia wakubwa wake mwenyewe, hakungoja kulazimishwa. Wakampa kazi ya kuongoza malori yadini, na mwanzoni alikuwa anarudi nyumbani na kwenda moja kwa moja kulala. Makanika alimshawishi ajaribu kupiga kwa bega la kushoto. Tukaenda. Lakini semi hutupa maganda ya risasi upande wa kulia, na kwa mtu wa kushoto yanapita mbele ya uso. Ganda la moto likamgusa shavu, akaiweka bunduki chini na kusema inatosha. Kubwa tukaiuza kwa mwenye duka la bunduki, ambaye alichungulia mtutu na kuusifia sana.

Ndogo ninayo. Mume wangu anasisitiza niende, na nikienda napiga vizuri, lakini nikirudi ananiuliza tu kama kulikuwa na watu wengi. Namwambia walikuwepo. Hatujabishana tena juu ya bunduki.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha, nikabaki nyumbani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nimemwinua kidevu, namtia matone ya dawa. Akiwa bado amefumba macho akasema, "Ukungu niliuona kabla sijanunua ile darubini."

Mkono wenye kichupa nikaushusha.

"Niliinunua ili tatizo lisiwe jicho," akasema. "Likiwa jicho, lori basi."

Nilimfuta maji yaliyoshuka shavuni, nikafunga kichupa. Nilitaka kumgombeza, na nilitaka kumwomba msamaha kwa kumcheka juu ya zile karatasi, na vyote viwili vilinikwama. Nikamuuliza kama atakula sasa au baadaye. Akasema sasa, kama chakula kipo tayari.