Mawe Saba Kando ya Kisima

Siku kampuni yetu ilipoutangazia ulimwengu kwamba moyo wake umevunjika, mkuu wa matangazo alikuwa anakula ndizi. Nilimwona kwa macho yangu. Alisoma tangazo kwa sauti, "Tumeumia sana kuona jasho la wenzetu likianikwa kabla ya wakati wake," akameza, kisha akatuuliza kama "sana" inatosha au aongeze "mno". Hadi leo nikiona ganda la ndizi roho inanichafuka.

Lakini sisimulii habari zake, hastahili. Nasimulia habari za dada aliyekaa meza ya pili kutoka yangu, tuliyemwita Chujio kwa sababu hakuna kilichompita. Tulikuwa tukifanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza michezo ya kompyuta, na kazi yetu ilikuwa kuijaribu kabla haijauzwa. Watu wakisikia hivyo hudhani tulilipwa kustarehe. Jaribu kugonga ukuta uleule mara mia nne, kila mara umevaa kofia tofauti, uone starehe yenyewe.

Chujio alikuwa na miaka arobaini na minne, miwani yenye kamba shingoni, na mto wake mwenyewe kitini, kwani alisema viti vya kampuni vilinunuliwa na mtu asiye na makalio. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kila kasoro tuliyoiona tuliiandika kwenye daftari lililokuwa ndani ya kompyuta: ulifanya nini, ulitarajia nini, umeona nini. Kasoro ikishaandikwa haifutiki. Inaweza kufungwa tu, na anayeifunga huchagua sababu na jina lake hubaki pale. Sababu zilikuwa tatu: Imerekebishwa. Haitarekebishwa. Si kasoro.

"Mdogo wangu," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "hiyo ya tatu iogope. Siku utakayoandika 'si kasoro' kwa kitu ulichokiona mwenyewe, kesho yake usije. Katafute kazi isiyohitaji macho."

Nyumbani aliishi na baba yake, fundi mwashi aliyestaafu, mzee wa maneno makali. Mzee hakuielewa kazi ya bintiye hata chembe. "Mimi nyumba zangu zimesimama," alikuwa akisema, "nikipita naziona. Wewe miaka tisa unacheza tu, kazi yako iko wapi nikaishike?" Chujio alicheka, lakini lilimuuma. Sisi wajaribu hatukuwa tukiandikwa kwenye orodha ya majina inayopita mwisho wa mchezo. Mpishi wa ofisini aliandikwa, sisi hapana. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, tuliahidiwa kuandikwa. Chujio alimwambia baba yake, "Subiri. Utalisoma jina langu." Tatizo ni kwamba mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni hata kijiko. Basi akampangia upasuaji, ili mchezo utakapotoka awe anaona.

Sasa sikilizeni habari ya mawe. Katika mchezo huo mpya palikuwa na kijiji, na kijijini kisima. Siku moja Chujio aliinamia kompyuta yangu, akaniuliza, "Mbona kwako kuna mawe matano kando ya kisima? Kwangu yako saba." Akaiandika kama kasoro. Saa ileile meneja akaifunga: si kasoro. Chujio akatabasamu. "Wametutia alama," alisema. "Kila nakala na mawe yake. Picha ikivuja wahesabu tu." Hatukukasirika. Kila kampuni ya michezo huogopa kuvujiwa, na mwenye mali ana haki ya kuifungia. Sisi wenyewe hatukumwaga mchele penye kuku wengi, hata wake na waume wa wenzangu hawakujua mchezo unahusu nini.

Ijumaa moja picha zikavuja. Kisima kilionekana waziwazi, na kando yake mawe saba.

Jumatatu asubuhi, Chujio hata hajaweka mkoba chini, tangazo lilikuwa limeshatoka: tumeumia, tumemtambua mhusika, hatua zinachukuliwa. Aliitwa chumba cha mikutano. Nami niliitwa, eti shahidi wa upande wa wafanyakazi. Mkuu wa matangazo alikuwa ameshakaa, na meneja aliweka picha mezani kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mfu.

"Saba," alisema. "Ni yako."

Chujio alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa kazini.

"Bosi, habari ya mawe niliwaandikia mimi. Nikitaka kuiba, ningeiba kwa alama ninayoijua?"

"Labda ulijisahau."

"Haya. Tazama ndoo. Kivuli chake kinaangukia wapi?"

"Mbali na jua. Kawaida."

"Jumanne naondoka hapa, kivuli kilikuwa kinaelekea kwenye jua. Niliiandika, imo daftarini. Imerekebishwa Alhamisi, na nakala zetu hupokea marekebisho zikifunguliwa. Tangu Jumatano hadi jana mimi nilikuwa hospitali nimemshika baba mkono, naye ana bandeji machoni. Kompyuta yangu ilikuwa humu, kwenye kabati. Ufunguo wa kabati unao wewe."

Meneja alijipapasa mfukoni, halafu polepole akamgeukia mkuu wa matangazo, aliyekuwa amemwazima ufunguo.

Yule bwana hakuona hata haya. "Mimi nilifungua kompyuta iliyokuwa juu," alisema. "Sikujua ni ya nani. Hayo mambo ya mawe mngeniambia." Kisha akachangamka. "Lakini jamani, watu walikuwa wameshaanza kutusahau! Tazameni sasa, mtandao mzima unatuzungumzia sisi tu."

Nikangoja meneja apige meza. Nikangoja mtu yeyote aseme "samahani, dada". Meneja alisugua paji la uso, akasema, "Shida ni kwamba tangazo limeshatoka."

Walikaa pale, watu wazima waliooga na kunyoa, wakajadili mbele yake namna ya kumtoa kafara, kama wanajadili rangi ya pazia. Wakamsogezea karatasi: atie sahihi kwamba alizembea tu, nao hawatamtaja jina.

"Ningezembea ningesema," Chujio alisema. "Sikuzembea." Akaisukuma karatasi.

Na mimi shahidi? Nilitazama meza. Naijua meza ile hadi leo, ina alama ya kikombe upande wa kushoto.

Walimpa nusu saa akusanye vitu vyake. Hakukusanya. Alikaa kwenye mto wake akafungua daftari, akaandika kasoro yake ya mwisho. *Nilifanya nini: nilikwenda kumuuguza baba yangu. Nilitarajia nini: kurudi kazini. Nimeona nini: mkuu wa matangazo amevujisha picha kwa nakala yangu, amekiri mbele ya watu watatu, na nimefukuzwa mimi.* Akauchukua mto, akatoka na mlinzi nyuma yake. Mlinzi ndiye pekee aliyemwambia pole.

Kesho yake meneja alikuja kukaa kwenye ukingo wa meza yangu. Kasoro ile haifutiki, na ikibaki wazi mchezo hauwezi kuidhinishwa. Jina la meneja mwenyewe halikufaa kuonekana pale, nalo la mkuu wa matangazo ndiyo kabisa. "Ifunge wewe," alisema. "Chagua ya tatu. Halafu tutazungumza, maana nafasi ya Chujio iko wazi."

Ningeweza kusema hapana. Msinipe kisingizio cha mke na watoto, sina. Nilibonyeza. Daftari, kama ilivyo desturi yake, likamtumia Chujio, aliyeiandika, ujumbe kwenye simu: kasoro yako imefungwa, si kasoro, na jina la aliyeifunga. Hakuna aliyekumbuka kuifuta namba yake.

Mchezo ulitoka, ukauzwa kama njugu. Wiki ya pili mzee akanipigia simu. Namba yangu alikuwa nayo tangu nilipowapeleka hospitali. "Kijana, njoo na huo mchezo wenu. Macho yangu sasa yanaona. Huyu binti ananiambia mkataba umeisha, lakini jina aliniahidi." Ningesema ninaumwa. Nilikwenda, kwa kuwa nilikuwa mjinga wa kudhani kwenda ni wema.

Chujio alinifungulia mlango, akaniambia karibu, akaenda jikoni. Nilifungua kompyuta mezani, nikaipeleka kwenye orodha ya majina. Mzee aliyafuata moja moja kwa kidole, kama anakagua mistari ya matofali. La mkuu wa matangazo likapita, kwa herufi kubwa. Akafika kwangu.

"Hili si lako?"

"Ni langu, mzee."

"Hongera sana." Akaendelea hadi mwisho. "La binti yangu limenipita. Rudisha." Nikarudisha. Akasoma tena, taratibu zaidi. "Mbona halipo?"

"Labda wamesahau, mzee," nilisema.

Chujio alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akaja, akaweka kikombe cha chai mbele yangu bila kumwaga hata tone.

"Hawajasahau, Baba," alisema. "Wala si kasoro. Muulize mgeni wako, ndiye aliyeandika hivyo."

Mzee alivua miwani nyeusi aliyopewa hospitali, akageuka kunitazama. Macho yake yalikuwa yamepona kabisa.